Kitambaa Cheupe Kwenye Mninga

Mwenyezi Mungu amenipa umri wa kuyacheka haya, basi nayasema. Mtaani kwetu, pembezoni mwa Nachingwea, palikuwa na mninga mkubwa. Asubuhi moja nikaukuta umefungwa kitambaa cheupe. Nikajua majirani wamerudia kutambikia miti! Nikakifungua, nikakichoma moto, na Ijumaa nikawakaripia msikitini.

Jumatatu likaja katapila kusafisha njia ya kwenda mashamba mapya ya karanga. Dereva akaniambia, "Shehe, miti ambayo serikali imekataza isikatwe imefungwa vitambaa vyeupe. Huu hauna. Unaanguka."

Nikavua kilemba changu cheupe, nikakifunga kwenye ule mti, nikasimama mbele ya katapila nikisoma dua. Dereva akazima injini. Bwana miti, ofisa wa misitu wa serikali, akaja mbio akipaza sauti.

"Huu haukatwi!"

Alhamdulillahi, mninga ukapona, na majirani waliojaa pale wakashangilia. Kisha bwana miti akakitazama kilemba. "Kitambaa changu kiko wapi?"

"Nilikichoma," nikajibu, kichwa wazi. "Nilidhani ni tambiko."

Bi Somoe, jirani yangu, akawageukia wenzake. "Jamani, tumpishe shehe amalize kutambika."