Goliathi Aliyekatazwa Kuanguka

Goliathi wangu alivaa kabuti la mume wangu na sufuria kichwani. Ilikuwa Ekerenyo, kule Kisii, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa sijamaliza mwaka wa pili tangu niolewe pale, nikapewa darasa la watoto la Sabato asubuhi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Kijitabu cha mafundisho kilisema watoto wasimuliwe kwa upole. Upole gani, na watoto wenyewe wameamka na giza, wakapanda mlima mzima na uji mwepesi tumboni? Walisinzia. Nikakiweka kijitabu kando, nikawa Goliathi.

Niliwatukana Waisraeli kwa Kigusii safi, nikikanyaga sakafu ya udongo mpaka vumbi likatimka. Watoto wakasokota vidonge vya majani makavu ya mgomba, na yule aliyekuwa Daudi siku hiyo akarusha chake. Nikaanguka. Sikuanguka nusunusu: nilianguka chali, miguu juu, sufuria ikabingirika hadi ukutani. Makelele yao yaliwapotezea wakubwa wimbo kule kanisani. Sabato iliyofuata darasa lilijaa, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani wakidai Goliathi arudi, nami nikamrudisha.

Shida ni kwamba baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na kila Sabato alizunguka akikagua madarasa. Aliingia nikiwa chini.

Asiyetoka Kisii atauliza kuna nini hapo. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe wana ensoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawapeani mikono. Mkaza mwana hakai kiti alichokalia mzee, na mzee hapaswi kumwona mke wa mwanawe amelala, sembuse amelala miguu juu. Baba mkwe alirudi kinyumenyume hadi nje. Nami nilifunga darasa nikiwa na kabuti mwilini, maana sikuweza hata kulivua.

Jioni alimtuma mama mkwe, ambaye alinikuta jikoni nikimenya ndizi.

"Mwanangu, mzee amesema uendelee kufundisha, lakini ukiwa umesimama," akaniambia. "Ukianguka tena, darasa atapewa mwingine."

Nikamuuliza kama Goliathi wa Biblia alikufa amesimama. Akajibu kwamba hilo nimuulize mzee mwenyewe, huku akijua fika kwamba siwezi.

Iliniuma, na hata leo nikikumbuka inaniuma. Tulikuwa tumeacha pombe, tumeacha ugoro, tumeacha matambiko, na kila wiki tulihubiriwa kwamba mila za zamani si zetu tena. Lakini ensoni tulizama nayo mtoni siku ya ubatizo, tukaibuka nayo. Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Nilimkasirikia mzee, na papo hapo nikikumbuka mguu wangu ulivyokuwa hewani nilitamani sakafu inimeze.

Nikakubali masharti, kwa sababu bila lile darasa sijui wiki zangu zingekuwa na nini zaidi ya jembe na kuni. Nikamsimulia Nuhu nimesimama, nikamsimulia Yona nimesimama. Mzee akaanza kuja kila Sabato na kusimama mlangoni, bega moja ndani, uso ameuelekeza nje kwenye migomba ili asinitazame. Watoto wa dirishani wakarudi kuchezea nje.

Wale waliobaki wakaomba Goliathi. Nikavaa kabuti, nikavaa sufuria, nikatukana kwa sauti ya chini. Kidonge cha majani kikanipiga kifuani. Nikasimama palepale nikawaambia kwamba Goliathi ameanguka, amekufa, na Israeli wote wameshangilia.

Hakuna aliyeshangilia. Binti mmoja wa mbele, hata miaka saba hajatimiza, akanitazama toka sufuriani hadi miguuni.

"Mwalimu, hajaanguka."

Nikamwambia afikirie tu kwamba ameanguka. Akageuka akautazama mlango, akanitazama tena mimi. Mtoto wa kwetu huijua ensoni kabla hajajua kusoma.

"Basi mwambie babu atoke nje kwanza," akasema, "ndipo Goliathi aanguke."

Mzee alisikia, maana niliona bega lake likishtuka. Nikangoja. Darasa zima likangoja, wengine vidonge vyao bado mkononi. Hakutoka, na mimi sikuanguka. Nikawaambia wafumbe macho tuombe, nikaomba nikiwa na sufuria kichwani.