Video ya Mtu Aliyepona

Mume wangu alikuwa anasaga mawe kwenye machimbo ya Rwamgasa. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hupelekwa kwenye karasha, mashine inayoyasaga yawe unga. Yeye ndiye aliyekuwa anailisha hiyo mashine kutwa nzima. Jioni alirudi mweupe kuanzia nywele mpaka kope, na mapacha wetu walimkimbilia wakamchora kwa vidole mgongoni. Nilikuwa nacheka. Mimi nilikuwa nauza wali na maharage kwa wachimbaji, na vumbi lile lile nililipangusa kwenye sahani kila asubuhi bila kuliwazia chochote.

Alipoanza kukohoa alinunua dawa dukani. Kikohozi hakikuisha. Ikafika mahali hawezi kutoka kazini mpaka nyumbani bila kusimama njiani, ameshika kiuno kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Msimamizi wake akamhurumia, akamtoa kwenye mashine akampa kazi ya kulinda viroba vya mawe.

Daktari nilimjua kwanza kwenye simu. Alikuwa na zahanati yake Kalangalala, mjini Geita, na alikuwa anarekodi video fupi fupi zinazosambaa kwenye magrupu ya watu wa machimboni. Presha, minyoo, uchungu wa mjamzito, kila kitu alikielezea kwa dakika mbili, kwa Kiswahili chepesi chenye Kisukuma hapa na pale ili bibi zetu nao waelewe. Siwezi kusema hazikuwa na faida. Pacha mmoja alipoharisha mpaka macho yakaingia ndani, nilichanganya maji, sukari na chumvi kama daktari alivyoonyesha, nikamnywesha kijiko kwa kijiko njia nzima mpaka kituo cha afya, na mhudumu akaniambia nimefanya vizuri. Tangu hapo nikimwona yule daktari kwenye simu nilijisikia kama namwona ndugu yangu.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema twende kwake.

"Shikamoo, daktari," mume wangu alisema, na kabla hajamaliza akakohoa.

"Marahaba, baba. Karibuni, kaeni." Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamuuliza kazi yake, akamuuliza ana watoto wangapi. Kisha akamtazama usoni kwa muda. "Kifua kimeziba, tutakisafisha. Na wewe una sura ambayo watu wataiamini. Ukikubali tukurekodi, matibabu yako nitayabeba mimi. Utawasaidia wenzako wengi wanaokufa kwa kuogopa hospitali."

Mume wangu alinigeukia. Nilitingisha kichwa kukubali.

Walianza saa ile ile. Kijana mmoja alisimamisha simu kwenye mguu wa chuma, akawasha taa. Mume wangu aliambiwa akae kitandani bila kunawa, shati amelifungua vifungo viwili. "Kohoa, mzee," kijana akasema. Akakohoa. "Tena, hiyo haikusikika vizuri." Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na nilipoinuka nimpe maji kijana akaninyooshea mkono nisiingie kwenye picha.

Halafu wakampeleka bafuni akaoga. Wakampaka mafuta usoni, wakamvalisha shati la bluu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, wakamkalisha karibu na dirisha. Maneno aliyopewa yalikuwa machache: nilikuwa siwezi kutembea, nikaja hapa, sasa nafanya kazi zangu kama zamani, namshukuru daktari. Pumzi haikumtosha kuyasema yote. Wakamwambia ayaseme vipande vipande, apumzike, aendelee, wao watayaunga.

Nilimfuata daktari mlangoni. "Samahani, daktari. Si ndiyo kwanza anaanza dawa?"

"Dawa itafanya kazi, mama. Mwezi ujao atakuwa hivi hivi unavyomwona. Tunatangulia tu."

Alisema kwa upole kabisa. Nilirudi nikakaa.

Video ilitoka kabla hata chupa ya kwanza ya dawa haijaisha. Inaanza na kile kikohozi, picha imetiwa weusi kidogo na muziki wa huzuni. Kisha mwanga unajaa, na mume wangu yuko dirishani, amenawiri, anaongea moja kwa moja bila kukata pumzi. Niliitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Alikuwa mzuri mle ndani. Kulikuwa na saa nilikuwa natoka chumbani alipolala anahema, nakwenda nje kumtazama yule mwingine.

Rwamgasa yote iliiona. Wenzake walimpigia makofi. Msimamizi akamwita.

"Nimeona umepona. Hongera. Kesho rudi kwenye mashine, viroba nampa mtu mgonjwa kweli."

"Bado, kiongozi. Ile ni video tu."

"Kwa hiyo ulidanganya watu?"

Mume wangu akisema ndiyo, ni mwongo. Akisema hapana, ni mzima. Kesho yake alirudi kwenye karasha, na kila aliposimama kutafuta pumzi wenzake walimwigiza. Mmoja alikuwa anapenda kupaza sauti: "Sasa nafanya kazi zangu kama zamani!" Wote wanacheka, na yeye anajaribu kucheka nao, kicheko kinageuka kikohozi. Wengine wenye vifua kama chake walifunga safari kwenda Kalangalala kwa sababu yake, na waliporudi hawajapona walimlaumu yeye, si daktari.

Tuliporudi zahanati, dada wa mapokezi aliniambia huduma ya bure ilikuwa ya kipindi cha kurekodi. Nyuma yake televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha ile video, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi waliitazama, wakamtazama mume wangu, wakaitazama tena.

Hospitali ya serikali walimpiga picha ya kifua. Daktari pale alikuwa dada mdogo, aliinua ile picha kwenye mwanga akatuonyesha madoa. "Hili ni vumbi la mawe. Limekaa kwenye mapafu, na likishakaa halitoki. Hakuna dawa ya kulitoa. Angeacha ile kazi mapema ingesaidia." Mume wangu alimwambia asante. Nje akaniuliza kama mapacha wamekula.

Tulimpeleka kwao, kijijini upande wa Ushirombo, akafia kwa mama yake, amekaa, kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena.

Baada ya kumzika, kabla hata watu wa jumuiya hawajamaliza sala za matanga, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alitoa simu mbele ya wazee. Akaiweka video. Sauti ya mume wangu ikajaa pale uani: nilikuwa siwezi kutembea, nikaja hapa, sasa nafanya kazi zangu kama zamani. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga.

Shemeji akanigeukia. "Daktari alimponya. Tumemsikia mwenyewe anasema. Alirudi mikononi mwako mzima, umemfanya nini?"

Nilieleza. Nilieleza shati la bluu, bafu, vipande vya maneno. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo, kwa sababu wao walikuwa na picha na mimi nilikuwa na maneno. Mzee mmoja akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mpigie huyo daktari aseme mwenyewe."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Alipokea. Nikamsalimia, nikajitambulisha, nikamwambia mume wangu amefariki na ndugu zake wako hapa. "Naomba uwaambie tu kwamba ile video mlirekodi siku moja."

Ikaja ile sauti yake, nzuri vile vile.

"Pole sana, mama. Lakini habari za mgonjwa ni siri. Maadili ya kazi yetu hayaniruhusu kuzizungumza kwenye simu."

Akakata. Wazee wakatazamana. Neno uchawi lilitamkwa mara moja tu, na kwa sauti ya chini, na katika nchi yetu mwanamke akilisikia hasubiri lirudiwe. Kulipokucha nilichukua mapacha na furushi moja la nguo, nikaenda Shinyanga kwa dada yangu, mtaa wa Ngokolo. Kaburi sijalitembelea tangu hapo.

Miaka imepita, mapacha wako shule. Siku moja namba ya mama mkwe ikanipigia. Sikuamini kama ni yeye. Hakuniuliza habari za wajukuu.

"Mdogo wake naye ameanza kukohoa," alisema. "Alichukua ile kazi ya kaka yake. Yule daktari wa kwenye video anapatikana wapi hasa?"

Nilikaa chini. "Mama, yule hakumponya. Nendeni hospitali ya serikali wampige picha ya kifua, na aache mashine leo hii, hata kama hamtanielewa."

Nilimsikia anahema. "Mwanangu wa kwanza nilimwona kwa macho yangu amepona," akasema. "Huyu wa pili nawe unataka afe?" Simu ikakatika. Nilimpigia shemeji mwenyewe, hakupokea. Nilimwandikia ujumbe, akausoma.

Juzi tulikuwa tunakula ugali, pacha mkubwa ameshika simu ya dada yangu. Akainua kichwa.

"Mama, baba mdogo alikuwa anaumwa. Amepona, anasema mwenyewe hapa. Njoo uone."

Nilimwambia aweke simu chini, ale.