Mama Mkwe Alinishika Kiuno, Nikaongeza Mvuke

Mkosaji ni mimi. Si Mistri, si shetani, wala si ile filimbi mpya, ingawa filimbi nayo ina lake la kujibu. Ndugu msomaji, naomba usicheke kabla hujafika mwisho. Mimi mwenyewe nikiandika haya nacheka, na mtu anayeungama hatakiwi kucheka.

Nafanya kazi ya ufita, kufunga na kurekebisha vyuma, katika karakana ya reli hapa Nakuru. Kutwa nzima niko chini ya matumbo ya injini kubwa, zile zinazopanda milima ya Mau. Ungedhani jioni nimeshiba treni. Wapi!

Ugonjwa ulinipata kwenye maonyesho ya wakulima. Mzungu mmoja wa upande wa Njoro alikuwa amelaza reli ndogo juu ya nyasi, upana wake shubiri tu, na juu yake injini yenye kimo cha mbuzi. Haikuwa ya kusukumwa kwa mkono. Ilikuwa na moto ndani, maji ndani, mvuke unatoka. Na yule bwana, mtu mzima wa ndevu na kofia, ameikalia magoti yakiwa karibu na masikio, anacheka kama mtoto aliyepewa muwa. Nilisimama hapo mpaka watu wakafukuzwa uwanjani. Ng'ombe waliopewa zawadi siku hiyo sikuwaona hata mkia.

Kesho yake nilimwambia Mistri, Kalasinga mmoja mzee ninayefanya naye kazi, kwamba nataka kutengeneza kama ile.

"Hii injini kubwa yote hapa haitoshi wewe?" akaniuliza.

"Hizi si zangu, Mistri."

Akapangusa mikono polepole, akifikiri. "Haya. Boila nafanya mimi. Ukifanya wewe itapasuka, halafu mke yako atalia kwa mlango yangu."

Tukaanza kuokota. Vyuma vilivyotupwa, mabomba yaliyochoka, fremu za madirisha tukazinyoosha zikawa reli. Mataruma tulichonga kwa miti ya miwati. Tukalaza njia ya mviringo kwenye kile kiwanja kilicho nyuma ya landi, zile nyumba zetu za wafanyakazi, na siku injini ilipovuta pumzi ya kwanza, Mistri alivua miwani akalia. Mimi nilirukaruka kama ndama.

Wewe ambaye hujaonja utauliza raha iko wapi. Nitakuambia. Injini kubwa naitengeneza, halafu mtu mwingine anaiendesha, na mwingine tena anaketi ndani na gazeti lake. Lakini hii ndogo kila skrubu naijua. Nailisha makaa kwa kijiko, naitazama kioo chake cha maji, na ikipanda mlima inahema kwa ajili yangu. Siku hizi za Hali ya Hatari, mtu anapita mjini kichwa chini, kipande mkononi askari wasije wakamkamata. Lakini Jumapili, nyuma ya landi, watu wazima wanapanga foleni wakalie ubao wenye magurudumu, na wakizunguka mara moja wanashuka wakiwa wengine kabisa. Makarani, wafagizi, hata katekista. Nani atakataa raha kama hiyo?

Basi ndipo nikafika kwenye kosa.

Mimi ni Mluhya wa Bungoma. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Humpi mkono, humtazami usoni, hamli chumba kimoja. Akija upande huu, wewe unapita ule, na hiyo ndiyo heshima. Tangu nioe nilikuwa sijamwona mama mkwe wangu ila mgongo, tena kwa mbali, na yeye uso wangu hakuujua. Anakaa Solai, kwenye shamba la mzungu ambako mume wake anafanya kazi.

Jumamosi mke wangu aliniambia, "Baba Simiyu, kesho Mama anakuja kumwona mtoto. Tafadhali usiwashe hiyo kitu yako. Toka mapema, uende kanisa ya mbali, urudi jioni."

Nikasema sawa. Nikaapa, hata.

Lakini asubuhi hiyo Mistri alikuja na filimbi mpya, ya shaba, ameichonga mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikajiambia nitawasha kidogo tu, niisikie mara moja, nizime. Kumbe watu wakisikia filimbi hawaulizi! Foleni ilijaa kabla sijapangusa mikono.

Nilikuwa nimevaa miwani ya karakana na kofia, uso mweusi kwa moshi. Dereva huangalia mbele, na abiria huketi nyuma yake kwenye ubao, kiti cha kwanza kikikaribia kugusa mgongo wake. Anayewapandisha ni Mistri, na Mistri mambo ya wakwe zetu angeyajulia wapi? Aliona mama mmoja mnene wa leso amesimama na kikapu, ametoka stesheni kwa miguu, ameduwaa. Akampokea kikapu. "Mama, kuja, kaa hapa mbele, hapa mzuri." Akapeperusha kitambaa cha kijani. Mimi nikavuta mkono wa mvuke.

Tulipofika kona ya kwanza nikahisi mikono miwili imenishika kiuno. Sikujali, watu wote hushika pale. Tulipotokea upande wa nyumba nikamwona mke wangu amesimama mlangoni na mtoto begani, macho yamemtoka.

"Baba Simiyu! Simama! Huyo ni Mama!"

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilisikia. Nilisikia kila neno, na nilimtazama mke wangu usoni, na yeye akaona kwamba nimemtazama. Ile mikono kiunoni ikalegea, maana mwenyewe naye alikuwa amesikia. Nilikuwa na wakati wa kusimama. Lakini injini ilikuwa inakwenda vizuri ajabu, moto mweupe, maji nusu kioo, na mbele yetu kulikuwa na ule mteremko wa kuelekea ziwani ambao ndio utamu wote wa njia yangu. Na nyuma ya sikio langu sauti ikasema, polepole kama mtu anayeomba chumvi:

"Ongeza."

Nikaongeza. Mungu nisamehe, nikaongeza na nikapiga filimbi! Tulishuka mteremko ule mama mkwe amenikumbatia kama gunia la mahindi, anacheka mgongoni mwangu, na mimi nacheka, na tukapita mbele ya mke wangu mara ya pili bila kusimama.

Wazee wa kwetu waliokuwa mjini walikutana jioni ile. Mama mkwe aliketi nyuma ya ukuta, amefunikwa leso. Alipoulizwa alisema alizirai kwa hofu, hakumbuki kitu. Mimi nilipoulizwa nilisema mvuke ulikuwa na kelele, sikusikia nikiitwa. Wazee wakatikisa kichwa, wakanitoza kondoo wa kutakasa na leso ya mama mkwe, mambo yakaisha.

Yaliisha kwa wazee. Mke wangu alikuwa akinitazama wakati nasema sikusikia. Asubuhi alifunga mtoto mgongoni, akabeba kikapu cha mama yake. "Kondoo ni ya Mama," akaniambia. "Mimi siwezi kukaa na mtu ananiangalia kwa macho halafu anasema hakunisikia." Wakaenda Solai.

Jamani, nyumba bila mtoto ni nini? Niliifunika injini kwa magunia. Mistri alikuja na mafuta, akaniona nimeketi, akarudi nayo. Nilikula ugali baridi nikitazama ile filimbi na nikaona haina maana yoyote. Nilitaka kuitupa. Sikuitupa, lakini nilitaka.

Mwishowe nikapanda treni ya Solai, treni ya watu wazima. Ndani ya boma la wakwe singeweza kuingia. Nikasimama nje, kwenye ukingo wa mahindi, kofia mkononi, mpaka mke wangu akatoka kumwaga maji akaniona. Hakusogea.

"Nilisikia," nikamwambia. "Na nilikuona. Nikapita."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu nzuri, nikaikosa. "Ilikuwa tamu."

Akanigeuzia mgongo, beseni mkononi. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, nikajilaani. Kumbe ameziba mdomo. "Wewe na yeye," akasema. "Hiyo siku yote njiani nilikuwa nafikiri Mama anaugua. Kumbe anacheka ndani ya leso."

Hapo nikasikia sauti kutoka jikoni. Mama mkwe hawezi kusema nami, kwa hiyo alikuwa akisema na kuku wake, kwa nguvu, ili hata mahindi yasikie.

"Wewe kuku! Mwambie mwenye gari afunge mabehewa mengi katikati. Mimi nitakaa ile ya mwisho, nigeuze uso nyuma. Heshima itakuwa iko sawa. Na asiharibu hiyo filimbi."

Mke wangu amerudi. Mabehewa sasa ni mengi mpaka Mistri analalamika, na kwenye la kwanza, mgongoni mwangu, anaketi mke wangu na mtoto. Akisema simama, nasimama, hata kama ni katikati ya mteremko, hata kama kutoka mwisho kabisa wa treni kuna mtu amefunikwa leso anampigia kelele kuku ambaye hayupo.

Ninyi vijana mnaoanza mchezo huu, jengeni, ni mtamu kuliko mnavyodhani. Lakini mke akiita kutoka mlangoni, msimdanganye kwamba ni mvuke. Mvuke hauna kelele kiasi hicho, na yeye anajua.