Siku Sijaona Aliposimama

Sijaona alipotimiza miaka kumi na minane, darasa la watoto wenye ulemavu wa akili halikuweza kumpokea tena. Mwalimu wake, Saliha, akamtafutia kazi ya kujaza pamba kwa Massoudi, fundi wa magodoro mtaa wa Asiatique. Lakini mama yake Sijaona hakutaka.

"Apana, mwalimu. Kuna bariyeri ya askari njiani. Mutoto wangu akifokewa anakimbia, na vita hii, mwenye kukimbia wanamupiga risasi."

Saliha alijua ni kweli. Kaka yake mwenyewe aliuawa hivyo. Akaanza kumfunza Sijaona uani: akifokewa, asimame, aonyeshe mikono. Mwanzoni binti alilia na kujificha. Majuma yakapita, akazoea, na mama akaridhia.

Saliha na Sijaona walikwenda kazini pamoja mara nyingi. Asubuhi moja, karibu na kizuizi cha askari, Saliha akabaki nyuma makusudi ili binti apite peke yake.

"We, simama!" askari akafoka.

Sijaona akasimama, mikono wazi.

"Mi naenda kazi," akasema.

Askari akampisha. Saliha aliketi kando ya barabara, akamtazama binti akienda zake bila kugeuka.