Pengo Katika Daftari la Yunisi

Mmenisumbua tangu mavuno niandike habari za dada yangu Yunisi, kana kwamba mimi ni karani. Nilisoma darasa la kanisani miezi minne, kisha nikarudishwa kwenye jembe. Haya, naandika. Atakayecheka mwandiko aje aandike yeye.

Yunisi aliolewa hapa Issuna, enzi za Mwingereza, nyumbani kwa mzee Alute. Yeye hakuweza kulitamka jina hilo, maana kwetu mke hatamki jina la baba mkwe mpaka anaingia kaburini. Mimi si mkwewe, nalitaja. Mumewe, Filipo, alikuwa Tanga akikata mkonge. Mwaka ule mvua ilipokosekana mara ya pili, Yunisi alikuwa na watoto wawili wa kike, Martina na Esta, na chakula chote kilikuwa mkononi mwa mzee.

Mzee alikuwa na lindo, lile pipa la gome la mti tunalowekea uwele. Kila asubuhi Yunisi alisimama mlangoni na kibuyu chake. Mzee aligonga lindo mara tatu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasema, "Hewa tu." Lakini Yunisi naye alikuwa na masikio. Lindo tupu hulia. Lile lilikuwa bubu.

Martina alikufa mwezi wa pili. Wiki iliyofuata mzee alileta zizini ng'ombe wawili aliobadilishana kwa uwele.

Yunisi angemwambia nani? Aliogopa jambo moja tu, mtoto wake asahaulike kama mbuzi aliyekufa kwa ukame. Ndipo gazeti la misheni likaomba hadithi za wasomaji. Akatafuta daftari, akaandika siku nyingi, akampelekea mwalimu Simeoni wa kanisani.

Mwalimu akasoma kwa sauti, "Palikuwa na mzee mbaya sana, mchoyo kupita wote." Akaliweka daftari chini. "Simwoni."

"Humwoni nini, mwalimu? Mbaya si mbaya?"

"Mbaya wako hana mikono, Mama Esta. Wewe unaniambia tu kwamba ni mbaya. Mwache afanye ubaya wake mwenyewe, nawe unyamaze."

Yunisi alinuna siku tatu. Ya nne akaandika kidole, akaandika sikio, akaandika hewa tu. Kisha siku moja akipalilia likamjia jambo ambalo halikutokea kamwe: mtoto amekaa kizingitini, anajigonga tumbo mara tatu kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anasema, "Hewa tu." Akaacha jembe palepale, akaenda kuliandika. Alilia, na msibani hakuwa amelia.

"Hili lilitokea?" mwalimu akauliza.

"Halikutokea. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Simeoni akageuza ukurasa. "Na mzee anaitwa nani?"

"Unajua siwezi."

"Mpe jina lolote. Mwite Stefano."

"Stefano si yule wa kisimani? Amenikosea nini?"

Basi kila palipotakiwa jina akaacha pengo la upana wa vidole viwili.

Jumapili, baada ya ibada, mwalimu akaisoma hadithi uwanjani ili watu waseme kama inafaa. Akifika penye pengo, ananyamaza kidogo. Akinyamaza, watu wanatazama miguu yao. Alipofika pale mtoto anapojigonga tumbo, mzee Alute akasimama.

"Uongo," akasema. "Martina hakujigonga tumbo hata siku moja."

Hakuna aliyemtaja Martina. Mtoto wa kwenye hadithi aliitwa Redempta.

Bibi mmoja akauliza polepole, "Baba, kumbe hayo mengine ni kweli?"

Mzee akakitazama kidole chake, akakificha ndani ya shuka.

Siku ileile Yunisi alitolewa nyumbani na kaniki yake na daftari. Barua ya Filipo kutoka mkongeni ilisema baba ni baba. Esta akabaki, maana mtoto ni wa ukoo wa mume, akalelewa akiambiwa mama yake ni mwongo. Gazeti nalo likajibu kwamba litaichapa, ila mzee apewe jina, na mwishoni atubu.

"Hakutubu," Yunisi akaniambia. "Nimtubishe mimi?" Hakulijibu gazeti tena.

Alifia hapa kwangu, jina lile akiwa hajalitamka.

Daftari ninalo. Mchwa wamekula pembe, na macho yangu hayaoni tena maandishi ya penseli. Sasa wewe uliyesoma bure mpaka hapa, njoo na daftari jipya ulinakili lote, herufi kwa herufi. Kisha mtafute Esta. Yuko Ikungi, nyuma ya soko, ni mzee sasa. Mpe shikamoo yake kwanza, halafu umsomee. Ukifika penye pengo, nyamaza. Usilijaze.