Maji ya Msiba wa Bi Nyamizi

Kila nikiliona begi lako hapo mlangoni, mwanangu, naikumbuka siku tuliyomzika Bi Nyamizi kule mtaa wa Ng'ambo. Nilikuwa na umri kama wako, nami nilikuwa na safari. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nasomea uuguzi hapa Tabora, na daktari mmoja alinichagua niende naye Urundi, ndiyo Burundi ya leo, nikawahudumie watu waliopigwa na njaa na kuwauliza maradhi yalivyoingia majumbani mwao. Msichana wa mtaa wa Isevya kuvuka mpaka! Kichwa kilinivimba, nisikufiche.

Pale msibani nilikaa mkekani karibu na Zuhura, binti wa marehemu. Uani alikuwapo Bi Tatu, Mzigua, mtani wao. Utani wetu watu wa Tabora na watu wa pwani ni wa tangu babu zetu walipobeba mizigo ya misafara. Bi Tatu alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, anachechemea na mkongojo wake, anadai uji kwa sauti ileile ya Bi Nyamizi. Zuhura alicheka huku machozi yanamtoka. Nami nikajiambia, kama huyu anaruhusiwa mzaha, mimi nitakatazwaje maswali? Nikaanza kujinoa kwa ajili ya Urundi, nikamuuliza Zuhura. Homa ilianza lini? Maji mnateka kisima gani? Mbona hamkumpeleka hospitali mapema?

Zuhura alijifunika uso kwa kanga. Mara hii alilia bila sauti.

Bi Tatu akauweka mkongojo chini, akaja mpaka mkekani.

"Binti," aliniambia, "mimi namcheka marehemu kwa sababu nimemwosha kwa mikono hii. Maji ya kumwoshea nimeyateka mwenyewe. Wewe hapa umeteka nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilichukua mtungi nikaenda kisimani, nikarudi, nikaenda tena, kisha nikasugua masufuria ya matanga mpaka kucha zikaniuma. Matanga yalipokwisha, Zuhura alinifuata jikoni mwenyewe.

"Mama aliiogopa hospitali," alisema. "Alisema kule hakuna wa kumshika mkono."

Hilo sikuwa nimeliuliza, mwanangu, na ndilo nililokwenda nalo Urundi. Kule nilishika mikono kwanza, maswali yakafuata.

Na wewe sasa unakwenda kusaidia na kuchunguza shida za watu usiowajua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje ya tatu, wala usingoje kupewa. Liombe siku unayofika. Usimuulize mtu kilio chake kabla hujamtekea maji. Na akinyamaza, mwache anyamaze, elimu yako haitapungua.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mungu akutangulie njiani, akulainishie ulimi na mikono. Na siku utakayolia ugenini, mimi nisipokuwapo, akujalie wa kukutekea maji.