Kanda ya harusi iliyokosa rangi

Lubumbashi, Jumamosi. Mwaka wa ishirini na sita tangu tukimbie Kivu.

Leo nimejuta kutengeneza picha.

Mdogo wangu, aliyebaki kule, alitutumia kanda ya harusi yetu niihamishie kwenye kompyuta.

Ilitoka bila rangi. Nikasafisha kichwa cha mashine ya video, bure. Kumbe nilichagua mfumo wa rangi wa PAL, na kanda ni ya SECAM, ule wa Kifaransa. Nikabadilisha, rangi ikaja.

Tulipofika kanisani picha ikakatika. Karamu nyingine ilikuwa imerekodiwa juu ya harusi.

Mke wangu akasogea, akaonyesha sebule na pazia nyuma ya wageni. "Baba Furaha, ile njo salon yetu. Na rido yangu ya kijani."

Katikati amesimama mdogo wangu, tayari ana mvi: "Karibuni kwangu."

Nyumba hiyo alituambia iliungua tulipokimbia.

Ninyi mngempigia simu?

Mimi sitarudi Kivu.